Matone kwenye Uji

Mwavita alikuwa mpishi, tena mpishi wa kuaminiwa. Kwa miaka kumi na minane alipanda kila asubuhi hadi kwenye jumba moja la Kiriri, mtaa wa kilimani jijini Bujumbura, na katika miaka hiyo mabwana wa jumba lile walibadilika mara nne, lakini mpishi hakubadilika. Kila familia iliyohama iliiachia iliyofuata mpishi yule, pamoja na jokofu na mapazia. Alizaliwa Uvira, Kongo, ng'ambo ya mpaka, akaolewa Bujumbura na Mrundi aliyeitwa Sébastien, fundi wa umeme. Sébastien alipofariki alimwachia watoto wawili: Orlane, ambaye sasa alikuwa ameolewa na akifanya kazi ofisini Kigobe, na Bonfils, kitinda mimba, aliyekuwa na kichwa cha hesabu.

Ni kwa ajili ya Bonfils alipanga vyumba viwili vya uani mtaa wa Mutanga Sud, ili mtoto aende chuo kikuu kwa miguu. Mwaka wa kwanza alienda. Mwaka wa pili alienda. Mwaka wa tatu akaanza kurudi mapema, akiketi kitandani na viatu vyake miguuni, akitazama mabati.

"Unatazama nini?" Mwavita alimuuliza.

"Wako wawili," Bonfils alisema. "Mmoja anasema, mwenzake anacheka."

"Ni majirani."

"Apana, Mama. Majirani hawajui jina langu la ubatizo."

Aliyasema hayo kwa utulivu, kwa sauti ile ile aliyotumia kumweleza mtu hesabu iliyomshinda. Mwavita akainua macho. Juu palikuwa na mabati, kutu, na utando wa buibui. Hata hivyo, siku ile alipoingia kulala, alilala na kichwa upande wa miguu, kama anayewakwepa.

Kwanza walimpeleka kwenye maombi. Bonfils alifunga wiki mbili pamoja na waombezi, watu wema waliolia pamoja naye, na aliporudi wale wawili walikuwa wamejifunza zaburi. Wakawa wanazisoma kinyumenyume. Kisha siku moja wanafunzi wenzake walimkuta kwenye ngazi za chuo akiwajibu kwa kelele, damu ikimtoka masikioni kwa kujikwaruza, na Orlane akatoka kazini saa nne asubuhi akaja na teksi. Walimpeleka hospitali ya magonjwa ya akili. Daktari akawaambia ugonjwa unaitwa skizofrenia, kwamba haukuletwa na mtu, na kwamba una dawa.

Bonfils alikaa hospitalini majuma matatu. Alitoka na vidonge vya aina mbili: vya kwanza vya kuzituliza sauti, vya pili vya kuilinda shingo na ulimi, kwa maana vile vya kwanza huweza kuikaza misuli. Miezi miwili nyumba ilikuwa kimya. Lakini mwili wake ukawa mzito kama nguo iliyolowa. Akishika kalamu, namba zinamkimbia. Mate yakimtoka, anajifuta kwa mkono wa shati na kuona haya. Siku moja Mwavita akaviona vidonge vinaelea chooni, na mwezi haukuisha wale wawili wakarudi.

Safari hii walikuja na neno jipya. Walimwambia Bonfils kwamba chakula kinatiwa kitu.

Akaacha kula kwa Orlane. Akaacha mkate wa dukani. Akaacha maji ya chupa, maana kizibo, alisema, kinaweza kufunguliwa na kufungwa tena. Akabaki na chakula cha aina moja tu duniani.

"Chako nitakula," alimwambia mama yake. "Mkono wako naujua."

Mwavita alilibeba neno hilo kwa majuma mawili. Alimwona mwanawe akikonda, akiongea na mabati, akiziba masikio kwa pamba iliyochovywa mafuta ya taa. Alipomwomba arudi kwa daktari, Bonfils alimwambia kwamba daktari naye yumo pamoja nao. Ndipo akakumbuka jambo aliloliona hospitalini: muuguzi akidondosha matone kwenye kikombe cha mgonjwa asiyeweza kumeza vidonge. Dawa ile ile, lakini ya maji, isiyo na rangi kama maji ya bomba. Alichukua karatasi ya zamani ya daktari akaenda nayo duka la dawa, akatoka na kichupa kidogo cha kahawia kinachoenea kiganjani.

Asubuhi ya kwanza alipika uji wa mtama na soya. Akahesabu matone kumi, akakoroga, kisha akafanya kile ambacho mpishi yeyote hufanya: akaonja. Hapakuwa na ladha yoyote isipokuwa ya uji. Akampelekea mwanawe, akasimama mlangoni mpaka bakuli likaisha. Vile vidonge vya pili, vya shingo, hakuvitia. Vilikuwa vichungu, na ulimi wa Bonfils haukuwa mjinga.

Hakumwambia mtu, hata Orlane.

Majuma yakapita, matatu, manne, matano. Bonfils akanyoa ndevu. Akalala na kuamka na kulala tena kama watu wengine. Akaenda mwenyewe kuazima kitabu kwa rafiki yake wa chuo, akarudi, akakisoma kwa saa nzima bila kuinua macho.

"Mama," alisema jioni moja, "wamehamia nyumba ya pili. Nawasikia, lakini maneno siyasikii."

Mwavita akatoka nje asimwone akilia.

Jumapili ile Orlane alipokuja kuwatembelea, Bonfils alimwambia dada yake, huku akitabasamu: "Unaona? Si dawa yao niliyoihitaji. Mi dawa yangu ni uji wa Mama."

Orlane akacheka. Mwavita akajishughulisha na sahani. Tangu siku hiyo, kitu kikamwingia ambacho hakukipatia jina. Akiwa jikoni Kiriri, anakoroga mchuzi wa watu, anahisi anatazamwa kutoka juu, na shingo yake inainuka yenyewe kabla hajaiamuru. Dari la jumba lile lilikuwa jeupe, limepakwa rangi vizuri. Alilitazama mara kumi kwa siku.

Juma la sita, Bonfils akaanza tena kuketi na viatu kitandani.

"Wanakaribia," alisema.

"Wanasema nini?"

"Wananiambia, mama yako anajua. Wanasema wataigeuza shingo yangu, itazame nyuma."

Mwavita hakuuliza anajua nini. Kesho yake akatia matone kumi na tano. Kesho kutwa yake ishirini. Halafu thelathini, na mkono wake ulikuwa mwepesi kwa sababu ulikuwa umezoea, na siku tatu mfululizo ikawa thelathini.

Siku ya tatu ilikuwa Jumamosi, saa tisa mchana. Mwavita alikuwa anapiga pasi. Alisikia kiti kikianguka chumba cha pili, kisha sauti kama ya mtu anayetaka kupiga chafya na kushindwa. Alipoingia alimkuta Bonfils amejibana ukutani. Shingo yake ilikuwa imepinda, kidevu kimefika juu ya bega la kushoto na bado kinakwenda. Mdomo ulikuwa wazi, ulimi umetoka, umevimba. Na macho yalikuwa yamepanda juu, yameganda kwenye mabati, hayashuki.

"Wamenishika," alisema kwa ule ulimi. "Mama, wamenishika."

Mwavita alijua. Hapohapo, pasi bado inaunguza kitambaa chumba alichotoka, alijua.

Jirani mwenye gari aliwapeleka kituo cha afya. Zamu ilikuwa ya muuguzi aliyeitwa Tajudini, mtu wa Buyenzi, mtaa wa Waswahili, mzee kidogo, mwenye maneno ya polepole, aliyekuwa amesomea wagonjwa wa akili. Alimkalisha Bonfils kitandani, akamshika taya kwa mikono miwili, akamtazama.

"Amekunywa dawa gani?"

"Sikunywa kitu," Bonfils alijikakamua kusema.

Tajudini akamgeukia Mwavita. "Mama, unisikilize. Kama ni dawa, sindano yake iko hapa kabatini, na ndani ya nusu saa shingo itarudi. Kama si dawa, hii ni ugonjwa mwingine kabisa, tumukimbize mbali, na njiani tutapoteza muda. Unijibu vizuri. Amekunywa dawa?"

Shingo ilikuwa imempinda Bonfils hata hakuweza kumwona mama yake. Sikio tu ndilo lililomwelekea. Mwavita aliliona sikio lile, makovu ya kucha pembeni yake, na akaelewa kwamba litasikia kila neno.

"Matone," alisema.

"Ya nini?"

"Yale ya hospitali. Nilimutilia kwenye uji."

"Tangu lini?"

"Wiki ya saba sasa."

"Mangapi?"

"Leo thelathini."

Tajudini alifungua kabati. Alivunja kichupa cha sindano, akavuta dawa, akamchoma. Wakangoja. Nje watu walikuwa wanapita, redio inasoma matokeo ya mpira. Baada ya dakika kumi na tano taya likalegea, ulimi ukaingia ndani. Shingo ikarudi kidogo kidogo. Macho yalishuka mwisho. Yalishuka kutoka darini hadi ukutani, kutoka ukutani hadi mlangoni, na yalipotua, yalitua juu ya Mwavita.

Waliporudi nyumbani, Bonfils alitangulia kuingia. Akasimama kizingitini mwa chumba chake, mkono mmoja umeishika shingo.

"Kwa hiyo wao ndio walisema kweli," alisema. "Miezi yote hii mulikuwa mnaniambia hakuna mutu anatia kitu kwenye chakula changu. Wao wakasema yuko. We ndio ulinidanganya."

"Mwanangu, nilitaka upone."

"Najua." Akafunga mlango.

Tangu siku hiyo Bonfils alikula vitu vyenye maganda. Ndizi mbivu, parachichi, karanga alizozimenya mwenyewe, mayai aliyoyachemsha mwenyewe na kuyapasua mwenyewe baada ya kuyageuza mwangani kutafuta tundu la sindano. Maji aliyanywa bombani, kwa viganja. Maganda alikuwa anayapanga dirishani kwa mstari, na Mwavita akirudi kutoka Kiriri anayakuta pale. Hakuthubutu kuyaondoa. Wale wawili, maana matone yalikwisha mwilini, walirudi kwenye nafasi yao, na sasa walikuwa na heshima nyumbani humo. Walikuwa wamesema kweli mara moja. Bonfils aliwasikiliza kama mtu anavyomsikiliza mjomba ambaye zamani hakumwamini.

Orlane alikuja, akaelezwa yote.

"Ningefanya vile vile, Mama," alisema. "Ndiyo maana naogopa."

Tajudini alianza kuja kila Jumatano, saa kumi, akitoka zamu. Siku ya kwanza hakumwomba Bonfils amfungulie. Alikaa kwenye ngazi ya uani, akaongea na Mwavita kwa sauti ya kusikika chumbani, makusudi.

"Mama Orlane, usimutilie tena kitu. Hata sukari, bila kumwambia. Akikataa dawa, akatae mbele yetu, tujue anachokataa."

"Na akizidiwa?"

"Akizidiwa tutampeleka, kwa mlango wa mbele, na tutamwambia tunampeleka wapi na kwa nini."

"Lakini ilimsaidia, muganga. Uliza Orlane. Alinyoa ndevu."

"Ilimsaidia," Tajudini alisema. "Hiyo ndiyo mbaya yake."

Jumatano ya pili mlango haukufunguliwa. Ya tatu haukufunguliwa, lakini dirisha lilisogea nyuma ya maganda.

"Ile dawa inakaa mwilini siku ngapi?" Bonfils aliuliza.

Tajudini hakubahatisha. Alisema atatafuta, na Jumatano ya nne akaja na karatasi ya maelezo ya dawa, yenye maandishi madogo kama mchanga, akaisukuma chini ya mlango. Ya tano akaulizwa mambo manane na akajibu sita, na kwa yale mawili akasema hajui. Labda ni yale mawili yaliyomfungulia mlango.

Chumbani Bonfils alikuwa amechora. Ukurasa mzima wa daftari la chuo, mstari wa siku chini, na juu kiasi cha sauti, kuanzia sifuri mpaka kumi, kwa kadiri alivyoweza kukumbuka na kumbana Orlane akumbuke kwa simu. Mwavita alisimama mlangoni, hakuvuka. Aliuona mstari ukipanda, ukipanda, kisha ukitumbukia kama bonde kwa majuma matano, kisha ukipanda tena.

"Hapa," Bonfils alimwonyesha Tajudini, kidole ndani ya bonde. "Kama ningejua nakunywa dawa, ningesema ni kujidanganya. Mutu anatumaini, anajisikia vizuri. Lakini sikujua. Mi nilifikiri ni uji. Kwa hiyo si tumaini lililowahamisha."

"Ndiyo," alisema Tajudini.

"Ni matone."

"Ndiyo."

Bonfils akalitazama bonde lile. Uso wake haukuwa na furaha. Ulikuwa wa mtu aliyepata jibu sahihi kwa njia ambayo hawezi kuisamehe. "Hawakuniambia hiyo," alisema, na macho yake yakapanda kwenye mabati. "Waliniambia kuna kitu kwenye chakula. Hawakuniambia kitu chenyewe kinawafukuza wao."

Walikubaliana wao wawili, Mwavita hakuulizwa. Dawa kidogo, nusu ya ile ya mwanzo, pamoja na vile vidonge vya shingo. Pakiti iliyofungwa, ambayo Bonfils ataipasua kwa mkono wake. Madhara yote yaandikwe kwenye karatasi, hata yale ambayo muuguzi anaona yatamwogofya. Mate yalipoanza tena kumtoka, alimwambia Tajudini, na daktari akabadilisha dawa. Miezi minne ilikuwa hivyo, kupanda na kushuka, na katikati yake alilazwa tena siku kumi, kwa mlango wa mbele, akiwa amebeba mfuko wake mwenyewe. Baadaye akaomba dawa ya sindano, inayochomwa mara moja kwa mwezi badala ya vidonge. Alisema amechoka kubishana nao kila asubuhi juu ya kidonge. Bora abishane mara moja mwezi mzima.

Wale wawili hawakwisha. Wamekaa mbali, Bonfils husema, kama watu wanaozungumza ndani ya gari lililofungwa vioo. Kuna siku vioo hushuka. Siku hizo humpigia Orlane, au hutembea na Tajudini mpaka kwenye kona na kurudi. Alirudi chuoni kwa somo moja tu, na alasiri mbili kwa juma huwafundisha hesabu wanafunzi wa lycée, shule ya sekondari, kwenye baraza la dada yake, Kigobe. Ni mwalimu mzuri. Hamcheki mtu anayekosea.

Mwavita naye alipewa siku yake. Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, kituo cha afya kilitoa chumba kwa wenye wagonjwa: akina mama, waume, dada. Tajudini alikuwa anafungua kwa maneno machache kisha ananyamaza. Mwanzoni Mwavita alikuwa anakaa karibu na mlango, akilitazama dari.

Mara moja, watu wakitawanyika, mwanamke aliyeitwa Raihana alimshika mkono. Mume wake alikuwa mgonjwa, mwezi wa tatu hajalala.

"Dada," alimnong'oneza, "wanasema kuna matone hayana ladha."

Mwavita alimkalisha tena kwenye benchi. Alimweleza yote, kuanzia kichupa mpaka sikio lile lililomwelekea kitandani. Hakuwahi kuyasema kwa mfululizo, na alipokuwa akiyasema mgongo ulimsisimka, kama kwamba mtu alikuwa amesimama nyuma yake anahakikisha haruki kitu.

"Lakini alipata nafuu," Raihana alisema.

"Alipata."

"Basi?"

"Ni mwaka na miezi miwili. Hajala chakula changu."

Raihana akauachia mkono wake.

Ilikuwa Jumapili moja ya Novemba, mvua imenyesha asubuhi na kukatika. Mwavita alikuwa jikoni anatwanga majani ya mihogo, maana Orlane alitazamiwa mchana. Bonfils aliingia na kigoda, akakiweka katikati ya jiko na mlango, akaketi.

"Ni sombe?"

"Ni sombe."

"Pika," alisema. "Mi niko hapa."

Sombe si chakula cha haraka. Kwa saa mbili na zaidi aliketi pale, mikono magotini, macho yake yakifuata kila kitu kutoka mkononi mwa mama yake mpaka ndani ya sufuria.

"Hiyo?"

"Mawese."

Akanusa chupa, akairudisha. "Na hiyo?"

"Kitunguu. Na bilinganya."

"Hiyo nyeupe."

"Chumvi." Mwavita akamnyooshea kopo. Bonfils alitia kidole, akaonja, akamwashiria aendelee. Mwavita alikuwa amewapikia mabalozi na mawaziri, na hakuwahi kumwaga kitu, lakini alipotia chumvi ile, nusu ilianguka kwenye moto na kulia. Bonfils aliutazama mkono, si uso. Walipofika kwenye ndagala, vile visamaki vikavu vya ziwani, alizihesabu kwa macho, moja moja, mpaka sahani ikaisha.

Mwavita akasonga bugali, akapakua. Akataka kuonja kwanza, amwonyeshe. Bonfils akatikisa kichwa.

"Apana. Siku ile pia ulionja."

Mama yake hakuwahi kumwambia hilo. Mwavita alisimama na mwiko mkononi, na kwa mara ya kwanza hakuinua macho juu, alimtazama mwanawe. Bonfils akamega bugali, akachovya, akaliweka tonge mdomoni. Alitafuna polepole sana. Alimeza. Kichwa chake kikainama upande kidogo, kama mtu anayesikia simu inaita nyumba ya jirani.

"Wanasema nini?" Mwavita aliuliza.

"Wanasema nisile," Bonfils alijibu, akamega tonge jingine.